Samaki wa Juu ya Maporomoko

Nakumbuka asubuhi moja ya kipupwe, mwanangu. Ukungu ulikuwa umelala chini hata miti ya milingoti ya jirani haionekani, nami nilikuwa napanda njia ya mtoni nyuma ya shangazi yangu Malita, kila mmoja na mzigo wa kuni kichwani. Nilikuwa msichana, nimemaliza shule ya msingi, na kazi yangu kubwa ilikuwa kumfuata shangazi popote aendako. Kwetu ni huku huku, pande za Igowole, ambako mwezi wa sita ukitoka nje unakuta umande umeganda kwenye majani, na mikono haitaki kutoka ndani ya kanga.

Tulipofika juu ya maporomoko ya mto Lutinde tulimkuta kaka yangu Yeremia amekaa kwenye jiwe, anahema. Nguo zake zimelowa mpaka kifuani. Mbele yake kulikuwa na ndoo iliyofunikwa kwa majani mabichi, na alikuwa na furaha ya mtu aliyefanikisha jambo.

Subiri kwanza nikueleze mto wenyewe, maana bila hivyo hutaelewa kilichotupata. Lutinde ni mto mdogo. Unatoka kwenye msitu wa juu, unapita katikati ya mashamba yetu, halafu unaanguka kwenye jabali refu na kwenda zake kwenye mashamba ya chai. Chini ya lile jabali waliishi trauti, samaki wa kigeni, walioletwa na wazungu wa chai kabla baba yangu hajazaliwa, ili wapate cha kuvua siku za mapumziko. Ni samaki wakubwa, wana madoadoa, na nyama yao ni tamu, siwezi kuwasingizia.

Juu ya jabali waliishi wa kwetu. Hao ni wadogo kama kidole, wana sharubu, rangi yao haitofautiani na ya mawe, na wamezoea kujibandika chini ya jiwe hata maji yaende kasi namna gani. Tuliwaita samaki wa mawe. Mwanamke akijifungua, akina bibi walikwenda mtoni na matenga yao, wakarudi nao, mzazi akapikiwa mchuzi mwepesi. Mtoto akianza kula, walikaushwa, wakatwangwa, wakachanganywa kwenye uji wake. Hakuna aliyewaona kuwa kitu cha kujivunia. Walikuwapo tu, kama maji yalivyokuwapo.

Basi shangazi akatua mzigo wake, akafunua yale majani. Ndani ya ndoo trauti walikuwa wanagongana.

"Yeremia, hawa unawapeleka wapi?"

"Nawaweka huku juu, shangazi. Baba hawezi tena kushuka kule chini, na akina mama wanaiogopa ile njia. Wakizaliana huku, kila nyumba itakula samaki mkubwa."

Nataka umwelewe kaka yangu. Hakuwa mtundu wala mbishi. Alikuwa kijana anayechuma chai, na jioni akipata samaki kule chini alimletea baba kwanza. Baba aliangukiwa na mti, mguu haukuunga vizuri, akawa mtu wa kukaa kibarazani. Kwa hiyo alipoibeba ile ndoo, akishika mizizi ya miti kwa mkono mmoja, moyoni alikuwa anambebea baba.

"Na huku watakula nini?" shangazi akauliza.

"Watajitafutia wenyewe. Samaki hamwagiwi pumba kama kuku."

"Hilo ndilo ninaloliogopa. Huku kuna wadogo ambao hawajawahi kukimbia kitu kikubwa namna hiyo. Lile jabali ndilo limewakinga siku zote. Warudishe, mwanangu."

Yeremia akatazama njia aliyotoka. "Nimetoka nao mbali, shangazi. Wengine wameshakufa njiani. Nikiwarudisha watakufa wote."

Akainua ndoo, akamimina taratibu. Trauti walikaa kidogo kama waliolewa, kisha wakachomoka kwenda chini ya ukingo. Shangazi alimwangalia mpaka akamaliza. Hakupaza sauti. "Nimekuambia," akasema, "na umesikia." Halafu akaniomba nimtwike mzigo, tukaenda nyumbani kupika.

Ningependa kukuambia kwamba mambo yaliharibika palepale, ili somo liwe rahisi. Hayakuharibika. Trauti walizaliana, baba akala samaki bila kumsubiri mtu apande kutoka chini, na Yeremia alipooa, kitoweo cha harusi kilitoka kwenye maji ya nyuma ya nyumba yetu. Watu walimsifu. Kwa muda mrefu kaka yangu alikuwa mtu aliyetuletea neema, na shangazi alikula sahani yake kama wengine, bila neno.

Mimi mabadiliko niliyaona kwa uzazi wangu. Nilipojifungua mtoto wa kwanza, mama mkwe alikwenda mtoni asubuhi akarudi kabla jua halijakaza, tenga lake zito. Kwa mtoto wa pili alishinda huko, akarudi na wachache waliotosha kikombe kimoja. Kwa mtoto wa mwisho alirudi na majani yaliyolowa. Aliliweka tenga mlangoni akasema, "Mwanangu, leo utakunywa mchuzi wa kuku." Hakulirudisha mtoni tena. Vyura nao walipungua. Masika yakaja kimya. Na trauti wenyewe, walipokwisha kumaliza kila kilichotembea, wakawa wembamba, kichwa kikubwa, mwili kama umesahauliwa.

Hapo sasa watu wakakumbuka nani aliwaleta. Siku moja mchana tulikuwa tumekaa nje ya kilabu cha ulanzi, ile pombe ya mianzi, tunasubiri mvua ipite. Shangazi alikuwa mzee tayari, anatembea kwa fimbo. Jirani mmoja, kikombe mkononi, akamwita Yeremia "Bwana Trauti," watu wakacheka. Akamgeukia shangazi.

"Mama, si wewe ulimkanya huyu? Mwambie tena, labda siku hizi anasikia."

Shangazi akamjibu bila haraka. "Nilimkanya siku ile. Maneno yangu yalikuwa ya kumzuia. Leo hayazuii kitu, yatamuumiza tu. Wewe yanakusaidia nini?"

Yule jirani akainamia kikombe chake. Yeremia alikuwa anatazama mvua.

Njiani kurudi, shangazi aliegemea bega langu, akaniambia kitu ambacho sikukitilia maanani siku ile. "Eliza, kaka yako anajua. Siku atakapotaka kutengeneza, atahitaji mtu ambaye anaweza kumtazama usoni bila kuona aibu. Usijiharibie nafasi hiyo kwa kusema sana."

Shangazi tulimzika mwaka uliofuata. Yeremia akapata kazi Mgololo, kwenye kiwanda cha karatasi, akahama na familia yake. Alikuja sikukuu na misiba, lakini mtoni hakushuka. Nilidhani amesahau.

Hakusahau. Alipostaafu akarudi kujenga kwenye kiwanja cha baba, kichwa cheupe, na wiki ile ile ya kwanza nikamwona anapanda kutoka mtoni, suruali imelowa magotini. Akaja mpaka jikoni kwangu.

"Nimegeuza mawe kutoka darajani mpaka maporomoko," akasema. "Hakuna hata mmoja, Eliza."

"Najua, kaka."

"Miaka yote nilikuwa nasema pengine watu wanatia chumvi."

Nikamwekea chai. Akainywa, akaenda zake. Lakini tangu siku hiyo alikuwa akishuka kila mara, na wajukuu wangu wakaanza kuniuliza babu anatafuta nini.

Ndipo akaja Anitha. Huyu ni binti wa Iringa mjini, wazazi wake wanakaa Kihesa, amesomea mambo ya samaki. Alifika na mabuti ya mpira mpaka mapajani, wavu mgongoni, na barua ya wilaya mkononi. Alisalimia kila nyumba kamwene kamwene, kwa lugha yetu, mpaka tukamchukulia mtoto wa hapa. Akatueleza kwamba samaki wetu wa mawe hawako popote tu. Kila bonde lina wa kwake, na wakiisha humo, wameisha. Lakini kama kuna mahali wamejificha, wanaweza kurudishwa mtoni. Kwanza lazima trauti waondolewe, kuanzia msituni mpaka maporomoko.

"Wote?" Yeremia akauliza.

"Wote, babu. Akibaki mmoja tumefanya kazi bure."

Wakaanza kutafuta pamoja. Anitha alitaka vijito vyenye jabali, hata dogo, ambalo trauti hawezi kuliruka. Mimi nikawaonyesha ninavyovijua, Yeremia vyake, na wawindaji wa zamani vyao. Vingi vilikuwa vitupu. Kimoja kiko nyuma ya shamba la mianzi, kijito ambacho mtu mzima anakivuka bila kuinua gauni, kinaanguka kwenye mwamba uliofika kiunoni. Anitha akapanda juu ya mwamba ule, akaweka wavu, akageuza jiwe. Alipotuonyesha kiganja chake, samaki wa mawe alikuwa ametulia humo, sharubu zinachezacheza. Yeremia akakaa chini kwenye majani yenye maji. Anitha, kwa kuwa ni binti mwenye adabu, akajifanya anakagua wavu.

Vibali vikapatikana, mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano. Aliyepinga ni Festo, kijana mwenye mgahawa kando ya barabara kule Igowole. Wageni wa mashamba ya chai walikuwa wanakuja kwake kwa ajili ya trauti.

"Shikamooni wazee," akaanza vizuri. "Mimi sina ugomvi na mtu. Lakini mnataka kutoa samaki anayeonekana kwenye sahani, mlete wa kutafutwa kwa miwani. Na isitoshe, aliyewaleta hao trauti ni mzee Yeremia. Leo tena ndiye anayetuambia tuwatoe. Kesho atatuambia nini?"

Watu wakageuka kumwangalia kaka yangu. Nilikuwa nimekaa naye benchi moja, nikasikia pumzi yake.

Yeremia akasimama. "Festo amesema kweli. Ni mimi. Nilikatazwa, na aliyenikataza alikuwa na haki. Siombi mnisamehe leo. Naomba mniruhusu niingie mtoni na wenzangu. Nikishindwa, mtakuwa mmepoteza trauti wembamba ambao hata Festo huwa hawapiki, anashuka kule chini kutafuta walionona."

Wachache wakacheka, na Festo mwenyewe akashindwa kujizuia. Anitha akaeleza kwamba chini ya maporomoko hakuna atakayeguswa, Festo avue huko kama kawaida. Mkutano ukakubali.

Kazi ilifanyika kiangazi, maji yakiwa madogo. Anitha na wenzake walibeba mgongoni mashine inayopitisha umeme kidogo majini. Samaki anazubaa, anachotwa. Vijana wakafuata na nyavu, wakisogea kutoka shimo hadi shimo. Yeremia alikatazwa kuingia kwa sababu ya magoti yake, akaingia hivyo hivyo. Kila nyumba ilikula trauti, shuleni walipikiwa trauti, mbwa nao wakachoka. Vijana wakaurudia mto wote mpaka nyavu zikawa zinatoka tupu, tena na tena. Ndipo tukaenda kwenye kile kijito cha mianzini, tukachukua baadhi tu ya samaki wa mawe, wengine tukawaacha wawe akiba, na tukawaachia kwenye Lutinde. Mwanangu, watu wazima walipiga magoti kwenye matope ili waone wanavyojibandika.

Baada ya muda si mrefu Anitha akaja kukagua. Nilikwenda nao, nimebeba chupa ya chai na viazi. Tuligeuza jiwe baada ya jiwe. Hapakuwa na kitu. Chini ya mti mmoja ulioanguka mtoni pana shimo refu, maji meusi, mizizi imesukana kama kapu. Anitha akalala kifudifudi akachungulia. Kivuli kikapita polepole chini ya mizizi. Trauti mmoja, mkubwa, tumbo limejaa.

Anitha akainuka, macho yamemjaa machozi kwa hasira. Yeremia akaenda kukaa peke yake kwenye ukingo, mikono imening'inia katikati ya magoti. Nikamwona mzee kuliko asubuhi tulipotoka.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo nilipotaka kukufikisha. Nilikuwa nimechoka, miguu imekufa ganzi, na nilikuwa na uchungu. Nilikuwa nimetoa kitenge changu kipya kufunikia ndoo za kubebea samaki. Nilikuwa nimewaahidi wajukuu. Na maneno yalinijia mdomoni yenyewe, yote, kwa mpangilio: shangazi alikuambia. Ningeyasema, na yangekuwa ya kweli. Nikayashika kwenye meno. Nikakumbuka bega langu lilivyokuwa zito siku ile ya mvua, na nikajua kwamba siku aliyoitaja shangazi imefika, iko mbele yangu, imekaa ukingoni na imeinamisha kichwa.

Nikamimina chai, nikaenda kukaa karibu naye.

"Kaka," nikamwambia, "kesho tunaanzia wapi?"

Alikipokea kikombe kwa mikono miwili. Alinitazama muda, kama mtu anayesubiri kitu kingine kifuate. Alipoona hakifuati, akanywa.

"Tunaanzia kwa Festo," akasema.

Mashine haikuweza kufika chini ya mizizi ile, na nyavu zilinasa. Kilichotakiwa ni mtu wa ndoana, mwenye uvumilivu, na kwetu hakuna anayemshinda Festo kwa hilo. Yeremia alikwenda mwenyewe mpaka mgahawani, akavua kofia, akamwomba. Sikuwapo, ila Festo aliniambia baadaye kwamba alikuwa amejiandaa kukataa, akakosa sauti ya kumkatalia mzee aliyemjia hivyo. Akashinda kwenye lile shimo na mshipi wake, akarudi tena na tena, anabadilisha chambo, haongei na mtu. Siku alipomtoa yule trauti hakumpeleka mgahawani. Alimleta nyumbani kwa Yeremia, wakamla pamoja kwa ugali na figili, na mimi nilikuwapo.

Tukasubiri, tukakagua, tukasubiri tena. Masika yalipopita tukawaachia samaki wa mawe kwa mara ya pili, na safari hii Festo ndiye aliyebeba ndoo.

Kiangazi kilichofuata Anitha alimwita Yeremia mtoni. Alikuwa ameshika bakuli jeupe la plastiki lenye maji, na ndani yake palikuwa na kitu chembamba kama uzi, ungeweza kudhani ni takataka mpaka kilipojibandika kwenye ukuta wa bakuli. Yeremia akavaa miwani yake, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa maji.

"Huyu ni mdogo mno," akasema. "Huyu hakuja kwenye ndoo."

"Hapana, babu," Anitha akamwambia. "Huyu kazaliwa hapa."

Kaka yangu akalichukua lile bakuli, akaingia majini taratibu na magoti yake mabovu, akamrudisha mwenyewe. Akasimama humo mpaka tukamwita mara kadhaa.

Mto bado haujawa kama ule wa mama mkwe wangu, nisikudanganye. Hatuvui bado, tumekubaliana wazidi kwanza. Lakini mwaka huu vyura wamesikika huko bondeni.

Basi, mwanangu, nasaha zangu ni hizi. Usikipeleke kiumbe mahali ambapo hakikuwapo kwa kuwa tu unaweza kukibeba. Kaa kwanza uulize waliopo watapatwa na nini. Na ukiona mwenzako anakosea, mwambie. Mwambie mapema, mwambie waziwazi, usimung'unye maneno. Likishatokea, nyamaza. Mkosaji anajua alikokosea kuliko unavyojua wewe. Jua kwamba kuwa na haki ni jambo dogo sana, linakwisha siku hiyo hiyo, na ukiendelea kulitumia kila mwaka unamfungia mwenzako mlango aliotaka kurudia. Na kama mkosaji ni wewe, usikae mbali ukingoja watu wasahau. Rudi ungali na magoti ya kuingia majini. Mwombe hata yule aliyekusema vibaya mkutanoni, maana huenda mikono yake ndiyo inayoweza kufika pale ambapo yako haifiki.

Mimi nimekwisha kuwa mzee, wa kukuombea tu. Mungu akupe macho ya kuona vilivyo vidogo karibu na nyumba yako. Akupe kinywa cha kusema kwa wakati na meno ya kulizuia neno wakati umepita. Na siku utakapoharibu, maana utaharibu, akupe mtu wa kukaa nawe ukingoni akuulize kesho mnaanzia wapi. Nenda na amani, mwanangu.